Gari la Mama Cherehani

Jumatatu, 4 Machi

Binti yetu amenipa daftari hili. Anasema nikisimulia kwa mdomo naongeza chumvi mpaka chakula kinaharibika, labda nikiandika nitapunguza. Nimemwambia sawa, ila akumbuke anaongea na mtu aliyeendesha mabasi ya masafa miaka ishirini na sita, akavuka mipaka minne, akalala kwenye nyumba za wageni zenye lifti. Shule niliishia darasa la sita, sikatai. Lakini abiria waliniita Kimataifa, na hakuna mwenye digrii niliyewahi kusikia anaitwa hivyo.

Sababu ya kuandika ni kwamba nataka kununua gari. Binti ana mimba ya miezi saba, amekuja kujifungulia kwetu kwa kuwa mumewe yuko kazini mbali. Ile mimba ya kwanza ilitoka mwaka juzi, sisi tukiwa mlangoni tunasubiri gari la kukodi. Dereva wake alipiga simu mara nne kusema yuko njiani. Mimi, Kimataifa, nimemshika mwanangu mikononi na sina hata toroli. Safari hii sisubiri gari la mtu.

Mwenye nyumba (ndivyo ninavyomwita mke wangu, maana kodi ya maneno namlipa yeye) anasema gari jipya hatuliwezi na bovu hatulitaki. Nimemwambia kuna la katikati.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeliona.

Liko kwenye banda nyuma ya nyumba ya Mama Cherehani, yule mjane anayeshona sare za shule, mtaa wa pili kutoka kwetu. Mwanamke mkavu. Ukimsalimia anakujibu kama anakukatia risiti. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa teksi na hili ndilo lilikuwa jembe lake: gari dogo la kizamani, pua ndefu, taa za duara kama macho ya mtu aliyepewa habari mbaya. Rangi ilikuwa samawati. Sasa nusu nzima ni kutu. Mlango wa dereva umetafunwa chini mpaka ukiufunga unaona kiatu cha mtu aliye nje. Sakafuni kuna tundu la kupita paka na mizigo yake. Lakini nilipofungua boneti, mashine imetulia mle ndani, kavu, nzima, na mabomba yote mahali pake. Siku hizi magari kama haya hayatengenezwi. Siku hizi wanatengeneza simu zenye magurudumu.

"Mbona unaliuza, mama?"

"Siliuzi. Naliondoa."

"Si ni yale yale?"

"Wewe ndiye uliyezunguka dunia. Utajua mwenyewe."

Mvua zikiisha anakuja mtu wa vyuma chakavu kulikatakata. Mpaka hapo niko huru kulikagua na kulitengeneza. Nilitaka kusema ndiyo pale pale, akaninyooshea kidole chenye kastabani, kile kikofia cha chuma cha washonaji.

"Usiniambie ndiyo leo. Ndiyo ya leo ni ya macho. Subiri ya kichwa."

Akanipa ufunguo wa kufuli la banda. Uko mmoja tu. Nikamwambia nitaurudisha kila jioni, akasema hapana, kaa nao wewe.

Aliporudi kwenye kazi yake nikaingia ndani ya gari. Kile kioo kidogo cha juu, cha kumwonyesha dereva mambo ya nyuma, kilikuwa kimeinamishwa vibaya. Hakionyeshi dirisha la nyuma wala njia, kinaonyesha kiti cha nyuma tu, upande wa kushoto. Nikakinyoosha. Nikashika usukani. Halafu nikafanya nilichofanya kila asubuhi kwa miaka ishirini na sita kabla ya kuondoa basi, nikauliza kwa sauti kubwa, "Wote tumepanda?"

"Tumepanda."

Nikacheka. Kumbe huyu mama naye ana utani! Nikageuka nimjibu. Mlango wa banda ulikuwa mtupu, na kule ndani ya nyumba cherehani ilikuwa inalia bila kukata.

Ijumaa, 8 Machi

Kioo kimeinama tena. Skrubu imelegea. Nimeikaza.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua ya kwanza. Kioo kimeinama. Nimeikaza skrubu mpaka bisibisi ikalia.

Jumanne, 12 Machi

Nimemleta Cheche, fundi wa kuchomelea, mfupi mnene mmoja anayevaa miwani ya jua hata akiwa chini ya gari. Ni rafiki yangu wa siku nyingi, ingawa ananionea wivu kwa sababu ya safari zangu. Amezunguka gari mara tatu akiligonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza kama daktari.

"Kimataifa, hii ni kutu iliyoshikwa mkono na rangi. Ikiachia, unabaki na usukani."

"Wewe chomelea. Falsafa tutafanya Jumapili."

"Nachomelea sakafu na mlango. Lakini hapa nyuma pamelowa."

Nikaweka mkono kwenye kiti cha nyuma. Upande wa kushoto umelowa kweli, baridi, sehemu ya ukubwa wa mtu kukaa. Paa la banda halivuji, nimelikagua bati kwa bati. Vioo vya gari vimefungwa. Upande wa kulia ni mkavu kama biskuti.

Cheche akavua miwani. Sijawahi kumwona amevua miwani.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua. Sakafu imechomelewa. Kiti kimelowa. Kioo kimeinama.

Jumatano, 20 Machi

Mwenye nyumba ameuliza kama nimeshaamua. Nikamwambia mtu wa hadhi yangu hakurupuki, analisoma gari.

"Kulisoma? Wewe barua ya mkutano wa wazazi ulisomewa na mimi."

Binti alicheka mpaka akashika tumbo, na mimi nikakimbilia viatu. Kumbe ni kicheko tu. Tumebaki tunatazamana, wote watatu. Hakuna aliyetaja mwaka juzi.

Alhamisi, 21 Machi

Betri mpya imefungwa, plagi nimesafisha mwenyewe, na kabureta nimeifungua na kuifunga nikiwa nimefumba macho ili Cheche aone. Nikazungusha ufunguo wa gari. Mara ya kwanza, kikohozi. Mara ya pili, kikohozi na moshi. Mara ya tatu gari likawaka! Limenguruma vizuri, sauti nzito ya kiutu uzima. Nimepiga kelele kama mtoto.

Cherehani ndani ya nyumba ikanyamaza. Mama Cherehani akatoka, akasimama mvuani bila kujifunika kitu. Nikadhani amekuja kufurahi nasi. Alikuwa hatazami mashine wala hanitazami mimi. Alitazama dirisha la nyuma, la kushoto, kwa muda mrefu, kisha akasema, "Zima."

Nikazima. Mwanamke wa ajabu. Na roho mbaya kidogo, naandika hivyo hivyo.

Jumatatu, 25 Machi

Leo Cheche amekifunga kioo kwa nati mbili na kukitia tone la moto la kuchomelea. Amening'inia kwacho kwa mikono miwili, na Cheche si mwepesi. Hakikusogea hata unywele. Nikafunga banda, ufunguo nikautia kwenye soksi, soksi nikaivaa.

Jumanne, 26 Machi

Kimeinama. Tone la moto lipo, nati zipo, hakuna kilichokatika. Kimeinama tu, taratibu, kama mtu aliyeinamisha shingo kumtazama mtoto aliyelala.

Cheche amekusanya vifaa vyake. Nikamuuliza vipi, mlango hujamaliza.

"Kaka, mimi nachomelea chuma. Mpaka hapo ni chuma, nimemaliza. Hiyo nyingine iliyobaki si kazi yangu."

"Unaogopa kioo?"

"Siogopi kioo. Naogopa kinachotazamwa."

Nilimtania mpaka kona ya mtaa. Niliporudi peke yangu bandani, utani uliniisha. Nikajikuta nasimama mlangoni, nakohoa kwanza kabla ya kuingia, kama mtu anayeingia nyumba yenye wenyewe.

Ijumaa, 29 Machi

Mvua siku nne mfululizo. Mto umejaa, wanasema maji yanalamba miguu ya daraja. Hospitali kubwa iko ng'ambo ya daraja hilo.

Jumatatu, 1 Aprili

Nimemuuliza Mama Cherehani waziwazi. "Mama, siku ile ya kwanza nilipouliza kama wote tumepanda, ni wewe uliyeitikia?"

Akaacha kushona. "Uliuliza nini?"

Nikarudia. Nikamweleza ndiyo desturi yetu madereva wa masafa. Unauliza, unaitikiwa, na ukishaitikiwa huyo ni abiria wako. Jua liwake, mvua inyeshe, gari life njiani, unabeba jukumu lake mpaka mwisho wa safari. Nilishawahi kumbeba bibi mmoja mgongoni kilomita tatu baada ya basi kukatika ekseli. (Hii haina chumvi. Labda ilikuwa mbili.)

"Na ukaitikiwa," akasema.

"Nikaitikiwa."

Hakushangaa. Hicho ndicho kilichonitia baridi. Alikata uzi kwa meno, akasema, "Marehemu hakuuliza. Alikuwa na haraka." Akaendelea kushona.

Jumamosi, 6 Aprili

Leo nimelitoa gari bandani kwa mara ya kwanza.

Ilikuwa saa nne asubuhi, mvua imepumzika. Nilitaka kulizungusha mtaani tu, gia ya kwanza, gia ya pili, nisikie breki na klachi zinasemaje. Kioo nilikinyoosha kabla ya kuondoka, nikakigonga kidole kukiambia baki hapo. Gari lilikwenda vizuri. Watoto wa mtaa wakashangilia, mwenye duka akanipungia, nami nikapunga kama rais.

Kisha barabara ikanyooka, ile inayoteremkia mtoni. Nikaanza kutazama kioo. Ni jambo la kawaida, dereva hutazama kioo. Lakini kilikuwa kimeshainama na mimi sikukiona kikiinama. Nilikuwa natazama kiti cha nyuma. Kiti tu, hapakuwa na kitu. Hata nikiitwa mahakamani nitasema hivyo, palikuwa na kiti kitupu chenye doa la maji. Lakini nilikuwa nakitazama kama mtu anayesubiri kujibiwa. Nilikuwa na wasiwasi. Sio woga, wasiwasi, ule wa kutaka kujua mtu anaendeleaje. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Vumilia, mama, tunakaribia."

Hapo nikasikia mlio. Gurudumu la kushoto lilikuwa limeacha lami. Mbele yangu kulikuwa na mtaro wa zege, umejaa maji mekundu, umbali wa hatua moja. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari likasimama na pua ikining'inia juu ya maji.

Miaka ishirini na sita, sijawahi kuacha lami. Nimepita milimani kwenye ukungu nikiwa na roho sitini na mbili nyuma yangu, sijawahi. Na leo, kwenye barabara iliyonyooka, mchana.

Nimerudisha gari bandani kinyumenyume, nikitoa kichwa dirishani ili nisitazame kioo. Nyumbani nimesema limekwenda vizuri.

Jumapili, 7 Aprili

Sikutoka. Nimewaambia goti.

Jumanne, 9 Aprili

Nimekwenda kwa Mama Cherehani kumrudishia ufunguo. Alinitazama usoni, akavuta kigoda kwa mguu, akasema, "Kaa. Ni wapi?"

"Wapi nini?"

"Umetoka barabarani wapi?"

"Mtaroni. Kabla ya daraja."

Akafunika uso kwa lile shati la mtoto wa shule alilokuwa analishona. Alipoufunua, nilimwona mtu ambaye sikuwahi kumwona. Nimemsema sana huyu mama katika daftari hili, na ningekuwa na kifutio ningefuta, ila nimeandika kwa kalamu ya wino.

Walikuwa na binti mmoja tu. Uchungu ulimshika asubuhi ya mvua, mwezi kama huu, miaka kumi na moja iliyopita. Wakampakia nyuma, kushoto. Yeye mama akakaa mbele. Mumewe alikuwa dereva mzuri, anasema, dereva asiye na haraka hata na mteja mwenye haraka. Lakini binti alikuwa analia, na baba akakiinamisha kioo ili amwone. Akawa anamtazama. Anamwambia vumilia, mama, tunakaribia.

"Nilimwambia angalia njia," akasema Mama Cherehani. "Nilimwambia mara moja. Halafu na mimi nikageuka kumtazama mwanangu. Kwa hiyo hapakuwa na mtu aliyeangalia njia. Watu watatu ndani ya gari, hakuna hata mmoja aliyeangalia njia."

Waliingia mtaroni. Maji yalikuwa mengi upande wa kushoto. Wao wawili walitoka. Mume aliishi miaka mitatu baada ya hapo, hakuendesha tena, lakini kila asubuhi alikuwa anaingia bandani na kukaa nyuma ya usukani, anatazama kioo. Kisha akafa, na kioo kikaendelea.

"Nilikinyoosha mimi mwenyewe miaka minane," akasema. "Nimechoka, mwanangu. Ndiyo maana nikakupa ufunguo."

Nikamwoshea vikombe vyake vilivyokuwa kwenye karai. Ndilo nililoweza.

Kabla ya kuondoka nikamwambia: silinunui. Siwezi kumpakia mwanangu humo. Akaitikia kwa kichwa. "Hiyo ndiyo ya kichwa," akasema. Lakini ufunguo alikataa kuupokea.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimepatana na jirani mwenye pikapu. Ameahidi mchana, usiku, mvua, jua. Mwenye nyumba amefurahi nimepata akili. Nimemweleza yote. Hakunicheka. Hiyo peke yake imenitisha.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua.

Jumatano, 24 Aprili

Mvua. Nimekwenda bandani, sijui kwa nini. Nikakinyoosha kioo, nikafunga. Huyu mama asikinyooshe peke yake.

Ijumaa, 26 Aprili

Nimekinyoosha. Kufuli sikulifunga, mama akitaka kuingia aingie.

Alhamisi, 2 Mei, naandikia kwenye benchi la hospitali

Saa moja asubuhi binti aliita kutoka chumbani, sauti moja tu, fupi. Mwenye nyumba akaingia, akatoka, akasema, "Ita pikapu."

Nikapiga simu. Jirani alikuwa ng'ambo ya mto tangu alfajiri, amepeleka mzigo, na pikapu imenasa kwenye tope mpaka mlangoni. "Niko njiani," akaniambia. Nilikata simu. Maneno hayo mawili sitaki kuyasikia mpaka nazikwa. Nikapiga namba nyingine nne. Mvua ilikuwa inamwagika kama wameipasua.

Binti ametoka chumbani ameshika ukuta. Damu kidogo. Kama mwaka juzi, hapo hapo mlangoni.

Mwenye nyumba akanitazama. "Lile gari linawaka?"

"Linawaka."

"Basi lilete."

"Nimekueleza liko vipi."

"Umenieleza. Mimi nakueleza mwanangu yuko vipi. Lilete, baba."

Hajaniita baba tangu tuoane. Nikakimbia. Goti lile lile, nikakimbia nalo. Nilipofika bandani Mama Cherehani alikuwa ameshafika, amevaa koti la mvua la marehemu, refu mpaka chini. Ameketi kiti cha mbele cha abiria. Sijui nani alimwambia.

"Mama, teremka, sina nafasi ya..."

"Washa gari."

Liliwaka mara ya kwanza. Tukamchukua binti mlangoni. Nilitaka akae upande wa kulia, mkavu, lakini maumivu yalimwangusha kushoto, na mama yake akajibana pembeni. Binti akasema, "Baba, hapa pamelowa," kisha akasema kwa sauti ya chini, kama anaomba radhi, "nipishe kidogo, samahani." Mama yake alikuwa upande wake wa kulia. Upande wa kushoto ni mlango tu.

Kwa mara ya kwanza maishani sikuuliza kama wote tumepanda.

Tulipofika kwenye mteremko wa mto binti akaanza kupiga kelele. Na macho yangu yakapanda. Nayaandika haya ili mkwe wangu ayasome siku moja ajue mkwewe si jiwe: nilijua, nilikuwa nimeelezwa, nilikuwa nimeapa, na bado macho yalipanda yenyewe. Yule ni mwanangu. Kioo kilikuwa kimeinama, kinanionyesha uso wake, na nyuma ya uso wake kulikuwa na kiza kilichokaa karibu naye sana. Nikafungua mdomo kusema vumilia.

Mkono ukaja mbele ya macho yangu. Mama Cherehani alikuwa ameinuka kwenye kiti chake, amekifunika kioo chote kwa kiganja, na kastabani bado iko kidoleni.

"Wewe njia," akasema. "Huyo niachie mimi."

"Mama..."

"Njia!"

Nikaangalia njia. Mtaro ukapita kushoto, mwekundu, unafoka. Nilisikia kiganja chake kinagongagonga kwenye kioo, kama kitu kinasukuma kutoka upande wa pili, na yeye anakibana, mkono unatetemeka mpaka begani. Naye hakugeuka nyuma hata mara moja. Binti wangu alilia, alimwita mama, na sauti zilikuwa, nitaandika tu, sauti zilikuwa zaidi ya moja. Mama Cherehani alikuwa analia machozi yanadondokea magotini, macho yake yametazama mbele, anasema, "Daraja. Endelea. Shika katikati. Endelea, baba, endelea." Maji yalikuwa juu ya mbao za daraja. Nikashika katikati.

Tukafika.

Muuguzi alitoka na kitanda cha magurudumu. Wakamteremsha binti, mama yake akashuka naye. Muuguzi mwingine, mwanamke wa makamo, akabaki ameshika mlango wa nyuma, ameinama, amenyoosha mkono ndani.

"Haya na wewe, dada, teremka. Usiogope, umefika."

Kisha akapepesa macho. Akanitazama mimi, akatazama kiti. "Samahani," akasema. "Nilidhani umeleta wawili."

Mama Cherehani alikuwa ameshazunguka. Akamwondoa muuguzi mlangoni taratibu, kwa adabu. Akanyoosha mkono ndani ya gari, akasubiri kidogo, halafu akanyooka. "Atakuja na mimi," akasema. Akapanda zile ngazi za hospitali polepole sana, hatua, anasubiri, hatua, mkono wake umekunjwa kama mtu aliyeegemewa. Mlango ukafungwa nyuma yao.

Nimesema yao. Nimeliangalia neno, nimeliacha.

Alhamisi hiyo hiyo, saa tisa alasiri

Wa kike. Kilo tatu na robo. Mama yake mzima, amekula, amenitukana kwa kumwendesha kwenye mashimo. Nimelia mbele ya wageni. Nimewaambia ni moshi wa gari.

Jumanne, 14 Mei

Mvua inakatika. Mtu wa vyuma chakavu amepita mtaani kuuliza banda liko wapi.

Mwenye nyumba amesema, "Kama unalitaka, linunue. Sisemi tena." Na mjukuu analala kifuani kwangu wakati naandika, kwa hiyo herufi zimelala pia.

Nalitaka. Nisijidanganye. Sijawahi kushika usukani ulionijibu vile.

Jumanne, 21 Mei

Jua. Nimekwenda kumpa Mama Cherehani jibu langu. Nilikuwa nimejiandaa, nimevaa shati la kola. Nimemkuta bandani, amekaa kwenye gari. Kwenye kiti cha dereva.

"Mama, nimeamua. Nalinunua."

"Huwezi," akasema. "Haliuzwi. Yule wa vyuma nimemfukuza."

"Ala! Nimetengeneza miezi miwili!"

"Na unanidai shukrani, nitakulipa mpaka nife. Lakini gari silitoi." Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, juu kabisa, kama mtu anayeshika sufuria ya moto. "Miaka kumi na moja nimekaa kiti kile pale cha pembeni. Nifundishe kuendesha."

"Mama, una miaka sabini."

"Sabini na mbili. Kwa hiyo usinicheleweshe."

Nimewafundisha madereva kumi na wanne, naandika kwa kumbukumbu, na wawili kati yao wanaendesha magari ya mabalozi. Hakuna aliyenipiga mdomo hivyo. Nikazunguka, nikafungua mlango wa pembeni, nikakaa. Mimi, Kimataifa, kiti cha abiria. Sikujua miguu niiweke wapi.

Nikamwonyesha klachi, breki, mafuta. Akazima gari mara sita. Mara ya saba likaruka kama mbuzi, likatoka bandani mpaka kwenye jua, akapiga kelele, na mimi nikapiga kelele, tukasimama katikati ya ua tunahema na kucheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Anacheka kwa kukoroma.

Tulipotulia akashika usukani upya, macho mbele, mgongo umenyooka.

"Niambie wewe," akasema. "Mimi sitageuka. Kuna mtu nyuma?"

"Hakuna mtu, mama. Tia gia."

Akatia gia, tukaondoka. Sikuwa nimegeuka kuangalia.